Chuo, Kiwanja na Fedha: Maisha ya Robert Hutchins

Mnamo Agosti 2024, jumuiya moja kongwe ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani ilisambaratika mbele ya macho ya ulimwengu. Jumuiya hiyo, ijulikanayo kwa jina la Pac-12, ilikuwa na asili yake katika mwaka wa 1915, na iliviunganisha vyuo vya majimbo ya magharibi, hususan yale yanayopakana na Bahari ya Pasifiki. Kati ya vyuo 12 vilivyokuwamo, 10 vilifungasha virago kwa mkupuo mmoja. Vinne vilijiunga na jumuiya ya Big Ten, ambayo chimbuko lake ni mji wa Chicago. Vinne vingine vilikwenda Big 12. Viwili vilivyosalia kati ya hivyo 10, yaani Stanford na California, vilijiunga na jumuiya inayojiita ya Pwani ya Atlantiki, ilhali vyenyewe viko upande wa pili kabisa wa bara. Ni kana kwamba timu ya Likoni imeandikishwa katika ligi ya Luanda, kisha ikaambiwa kwamba hiyo ndiyo ligi ya nyumbani.

Kilichovihamisha vyuo hivyo si elimu, wala si ujirani, wala si udugu wa kihistoria. Ni fedha za televisheni. Mnamo Agosti 2022, Big Ten ilitangaza mikataba ya kurusha michezo yake kwa muda wa miaka saba, mikataba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Pac-12 ilitafuta mkataba wa kufanana na huo ikaukosa. Mkono mtupu haulambwi, na waliokuwa ndugu wakaachana.

Yamkini msomaji atauliza: mtu aishiye Utange, mhadhiri wa isimu ambaye kazi yake ni nomino na vitenzi, ana haja gani na ugomvi wa mabwana wa Marekani? Haja ninayo, na haiko mbali. Vyuo viwili vilivyoachwa peke yao katika nyumba ile iliyobomoka vilikuwa Oregon State na Washington State. Hicho cha pili ni chuo ambacho Wakenya wana deni nacho, nacho kina deni kwetu. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wake alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mwenziwe Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mnamo Juni 2025 chuo hichohicho kilitangaza kwamba kitapunguza riadha zake: kuruka na kurusha vitaondolewa, mbio fupi zitapunguzwa, na nguvu zitaelekezwa kwenye mbio za masafa marefu. Naam, jumuiya ikivunjika juu, vijana wa kurusha mkuki huangukiwa na vifusi vyake chini.

Walimu wenzangu wanajua jinsi vijana wetu wanavyouliza kuhusu ufadhili wa masomo ng'ambo kwa njia ya mbio au mpira wa vikapu. Nami huulizwa hapa mtaani, mara kwa mara. Kabla ya kumjibu kijana wa namna hiyo, yafaa tujue nyumba anayotaka kuingia ilijengwaje na nani aliwahi kuthubutu kutoka ndani yake. Kwa ajili hiyo nimeona niwasimulie maisha ya Robert Maynard Hutchins, rais wa chuo kikuu aliyeufunga mchezo uliopendwa kuliko yote, kisha akakiongoza chuo chake hadi kikatoka katika jumuiya kilichosaidia kuianzisha.

Hutchins alizaliwa tarehe 17 Januari 1899 katika mtaa wa Brooklyn, mjini New York. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri ambaye baadaye aliihamishia familia yake Oberlin, katika jimbo la Ohio, alikokwenda kufundisha chuoni. Mtoto akalelewa katika mji mdogo ambamo kanisa na darasa vilikuwa pande mbili za sarafu moja. Alianza masomo ya juu hapohapo Oberlin. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoifikia Marekani, aliyaacha masomo na kujiunga na kikosi cha magari ya kubebea majeruhi, akahudumu Italia. Aliporejea alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 1921.

Kupanda kwake ngazi kulikuwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 24, alifanywa katibu wa Chuo Kikuu cha Yale. Huku akiishika kazi hiyo alisoma sheria, akapata shahada yake mwaka 1925, na kufumba na kufumbua akawa mkuu wa kitivo cha sheria. Mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 30 tu, aliteuliwa kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, cheo ambacho hapa Kenya kinakaribiana na kile cha makamu wa chansela. Wapo wahadhiri wetu ambao katika umri huo bado wanahangaika kutafuta msimamizi wa tasnifu.

Ili kuuelewa uzito wa alichokuja kukifanya, sharti tukitazame kwanza chuo alichokirithi. Chuo Kikuu cha Chicago kiliasisiwa mwaka 1890 kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa msomi wa lugha za kale, hasa Kiebrania. Hata hivyo, mwanaisimu huyo alitambua jambo ambalo wafanyabiashara wa leo wanadhani wamelivumbua wao: chuo kipya kisichojulikana kinaweza kupata jina upesi kwa njia ya timu inayoshinda. Akamwajiri Amos Alonzo Stagg kuwa mkurugenzi wa michezo, akampa hadhi sawa na ya walimu wa vitivo. Stagg aliiongoza timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kukabiliana miili, kuanzia mwaka 1892 hadi 1932. Katika miaka hiyo timu ilitwaa ubingwa wa jumuiya yake mara saba, na uwanja mkubwa uliojengwa katikati ya chuo ukaitwa kwa jina lake.

Jumuiya hiyo ndiyo Big Ten. Iliundwa kutokana na mkutano wa marais wa vyuo uliofanyika Chicago mnamo Januari 1895, na mwaka uliofuata vyuo saba vikaungana rasmi, Chicago kikiwa kimojawapo. Inafaa kukumbuka kwamba shabaha yake ya mwanzo haikuwa kuchuma. Wakati ule timu za vyuo ziliwachezesha watu ambao hawakuwa wanafunzi kamwe, na wachezaji walihamahama kwa kufuata hongo. Marais waliungana ili waweke sheria: mchezaji awe mwanafunzi wa kweli, na mamlaka juu ya michezo yawe ya walimu. Kwa maneno mengine, jumuiya iliundwa ili kuzuia fedha zisikitawale kiwanja. Jumuiya ileile ndiyo iliyotia saini mikataba ya mabilioni mwaka 2022. Historia ina kejeli zake.

Hutchins alipoingia Chicago, nchi yake ilikuwa karibu kutumbukia katika mdororo mkuu wa uchumi. Vyuo vingine vilitafuta wanafunzi na michango kwa kila hila. Yeye alijishughulisha na swali gumu zaidi: chuo kikuu ni cha nini? Jibu lake lilikuwa kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuikuza akili, na kwamba kila kisichoisaidia kazi hiyo kinaweza kufanywa mahali pengine. Mwaka 1931 chuo kilianzisha mpango mpya ambao chini yake mwanafunzi hakuhukumiwa kwa kuhesabiwa siku alizohudhuria, bali kwa mitihani mipana aliyoikabili akiwa tayari. Pamoja na mwanafalsafa Mortimer Adler, Hutchins aliwasomesha wanafunzi vitabu vikuu vya kale moja kwa moja, badala ya muhtasari wa vitabu hivyo.

Hapa niruhusiwe kusema kidogo kama mtu wa lugha. Katika Kiswahili cha zamani cha mwambao, neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Kutokana na maana hiyo likaja kuitwa chuo lile darasa ambamo watoto walikisoma kitabu, na mtu aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Hivyo, tunapotamka chuo kikuu, tunatamka, pasipo kufahamu, kitabu kikuu. Hutchins hakujua Kiswahili, lakini fikira yake ilikuwa ileile. Kwake yeye chuo kilikuwa kitabu na watu wanaokizunguka wakijadiliana.

Basi mtu mwenye imani hiyo angelitazamaje jukwaa la uwanja wa Stagg lililojaa makumi ya maelfu ya watazamaji? Alimstaafisha kwanza Stagg mwenyewe, ambaye alikuwa amefikisha miaka 70, umri uliowekwa na kanuni za chuo. Mzee alikataa kuketi kitako. Alikwenda California akaendelea kufundisha mpira, na aliishi hadi mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 102. Timu aliyoiacha Chicago iliendelea kudhoofika, ijapokuwa mwaka 1935 mchezaji wake Jay Berwanger alikuwa wa kwanza kabisa kupokea tuzo ambayo leo inajulikana kwa jina la Heisman. Sababu ya udhaifu haikuwa fumbo. Chicago haikuwa na kozi nyepesi za kuwahifadhi wachezaji wasiopenda kusoma, wala haikuwa tayari kuwalipa kwa siri. Washindani wake wengi walikuwa na kozi hizo, na baadhi yao walilipa.

Mnamo Desemba 1938, Hutchins aliandika makala katika jarida la Saturday Evening Post lililosomwa nchi nzima. Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba ugonjwa wa michezo ya vyuo unatokana na viingilio vya mlangoni. Maadamu chuo kinategemea mapato ya mchezo, kitatafuta ushindi. Maadamu kinatafuta ushindi, kitatafuta wachezaji kwa njia yoyote. Na kikishafika hapo, elimu imekwisha kuwa kisingizio. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kushusha kiingilio hadi senti 10 na kuwapa makocha usalama wa ajira, ili wasiishi kwa matokeo ya Jumamosi. Waliosoma walicheka, kisha wakaenda uwanjani.

Msimu wa mwaka 1939 ulikuwa msiba. Chicago ilifungwa na Michigan pointi 85 kwa bila. Ohio State iliifunga 61 kwa bila, na Harvard pia 61 kwa bila. Mnamo Desemba mwaka huo baraza la wadhamini, kwa ushauri wa Hutchins, lilitangaza kwamba chuo kimejitoa katika mpira wa Kimarekani baina ya vyuo. Wanafunzi wengi walikuwa wanaelekea likizo ya Krismasi. Waliporudi Januari 1940, Hutchins alisimama mbele yao akaeleza kwamba chuo kilitaka kuonyesha njia ya kukitenganisha kisomo na biashara ya mchezo.

Wengi walitabiri maangamizi. Chuo kilikuwa kinajiandaa kuadhimisha miaka 50 tangu kuasisiwa kwake, na hiyo ndiyo siku ya kupitisha bakuli la michango. Wahitimu wa zamani walioipenda timu wangeweza kufunga mikoba yao. Hata hivyo, uamuzi haukurudishwa nyuma. Kwa michezo mingine Chicago iliendelea kuwamo katika Big Ten hadi mwaka 1946, kisha ikajiondoa kabisa. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa mwaka 1949 na Michigan State, chuo ambacho kilikuwa na kiu kubwa ya kuingia kama ile ambayo Chicago ilikuwa nayo ya kutoka.

Ningependa kusisitiza jambo ambalo wasimulizi wengi hulipuuza. Hutchins hakufunga michezo. Wanafunzi wa Chicago waliendelea kukimbia, kuogelea na kushindana wao kwa wao. Alichokifunga ni biashara iliyokuwa inavaa jezi ya chuo. Kati ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa, na Kiswahili kinaijua. Mchezaji asiyelipwa sisi humwita mchezaji wa ridhaa. Neno ridhaa tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni kukubali kwa moyo. Anayecheza kwa ridhaa amekubali mwenyewe. Suala la haki linakuja pale ambapo mchezaji amekubali kucheza bure, na aliye pembeni yake amekubali kuuza tikiti.

Je, Hutchins alikuwa malaika? La, hasha. Kumsifu mtu hadi kumtoa katika ubinadamu wake ni kuwadanganya wanafunzi. Kwanza, aliuacha mchezo wakati timu yake ilikuwa inafungwa. Haijulikani kama angethubutu wakati wa makombe ya Stagg. Pili, chuo chake kilikuwa cha watu binafsi, kilicholelewa kwa fedha za Rockefeller. Chuo cha umma kinachotegemea bunge la jimbo, ambalo wabunge wake ni mashabiki, kisingekuwa na uhuru huo. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mahali palipotoka fedha za mpira hapakukaa patupu. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la magharibi la uwanja uleule wa Stagg, wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuuendesha na kuudhibiti mfululizo wa mpasuko wa atomu. Kazi hiyo ililipiwa na serikali kwa ajili ya vita, na njia iliyoanzia hapo iliishia Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Hutchins, ambaye mwaka 1941 alikuwa amepinga hadharani nchi yake kuingia vitani, alikubali chuo chake kifanye kazi hiyo. Baada ya mabomu kuanguka, alitumia nguvu nyingi kutetea kuundwa kwa serikali ya dunia ili silaha hizo zisitumike tena. Alikuwa amekikomboa kiwanja kutoka mikononi mwa watazamaji, kisha kikatwaliwa na mteja mwenye nguvu zaidi.

Msomaji asidhani kwamba natoa mfano huu ili nimvunjie heshima marehemu. Nautoa kwa sababu unatufunza kwamba chuo kisichotaka kutawaliwa na fedha hakiwezi kujitetea mara moja tu kisha kikalala. Kila mfadhili huja na shabaha yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chuo chenye njaa huinama mara nyingi kuliko kinavyotambua.

Ushujaa wake mwingine, kwa maoni yangu, ulizidi ule wa kufunga mpira. Mwaka 1935 tajiri wa maduka ya dawa, Charles Walgreen, alimwondoa mpwa wake chuoni akidai kwamba wanafunzi wanafundishwa ukomunisti. Seneti ya jimbo la Illinois ikaunda kamati ya uchunguzi. Hutchins aliwatetea walimu wake bila kuyumba, chuo kikaonekana hakina hatia, na miaka miwili baadaye Walgreen mwenyewe alikitolea chuo mchango wa dola 550,000. Mwaka 1949, wakati hofu ya wakomunisti ilipozidi, aliitwa tena mbele ya kamati ya jimbo hilo, akautetea tena uhuru wa walimu. Mtu aliyeweza kuwaambia mashabiki hapana ndiye aliyeweza kuwaambia wanasiasa hapana. Uzi ulikuwa mmoja.

Aliondoka Chicago mwaka 1951, baada ya kukiongoza chuo kwa zaidi ya miaka 20, kwanza kama rais na kuanzia 1945 kama chansela. Alifanya kazi na Wakfu wa Ford, kisha akaongoza mfuko uliotetea haki za raia katika miaka migumu ya tuhuma za kisiasa. Alisimamia uchapishaji wa majuzuu ya vitabu vikuu vya nchi za Magharibi mwaka 1952, na mwaka 1959 alianzisha kituo cha kujadili demokrasia huko Santa Barbara, California. Huko ndiko alikofariki tarehe 14 Mei 1977, akiwa na umri wa miaka 78. Baadhi ya mageuzi yake ya masomo yalipunguzwa makali mara tu alipoondoka, na mpira ulirudi Chicago polepole: kwanza kama klabu mwaka 1963, kisha kama timu rasmi mwaka 1969. Lakini haukurudi katika Big Ten. Leo timu hiyo inacheza katika daraja la tatu, ambako vyuo haviruhusiwi kutoa ufadhili kwa ajili ya mchezo. Uwanja wa zamani wa Stagg ulibomolewa, na mwaka 1970 mahali pake pakafunguliwa maktaba ya Regenstein. Palipokuwa na jukwaa pana vitabu. Chuo kimerudia maana yake ya asili.

Je, chuo hicho kiliangamia kama ilivyotabiriwa? Makumi ya washindi wa Tuzo ya Nobeli wamefundisha au kusoma hapo, na jina lake linatajwa pamoja na majina ya vyuo bora duniani. Hii haina maana kwamba kufunga mpira ndiko kulikoleta fahari hiyo. Inathibitisha jambo dogo zaidi, lakini lenye manufaa: kwamba chuo kinaweza kuishi bila hiyo biashara.

Wenziwe waliobaki ndani waliendelea na safari yao. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo hakina haki ya kuhodhi matangazo ya televisheni. Tangu hapo vyuo na jumuiya vikapata uhuru wa kujiuzia michezo yao, na kuhamahama kukaanza kwa ari mpya. Big Ten, ambayo jina lake lina maana ya vyuo kumi vikubwa, mwaka 2024 ilikuwa na vyuo 18, kutoka bahari moja hadi nyingine. Mwanafunzi wa Los Angeles anayecheza voliboli hulazimika kuruka bara zima kwenda New Jersey, kisha arudi darasani akiwa amechoka, kwa sababu ya mkataba uliotiwa saini kwa ajili ya mchezo asioucheza. Mnamo Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano ambayo chini yake kila chuo kikubwa kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Binafsi naona kwamba kumlipa aliyefanya kazi ni haki, na ilichelewa mno. Lakini tusijidanganye: ridhaa imeondoka, na aliyebaki ni mwajiriwa anayevaa rangi za chuo.

Sasa nirudi nyumbani. Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Mashindano makongwe ya soka ya Kenya na Uganda, yaliyoanza mwaka 1926 na ambayo baadaye yaliwajumuisha Tanganyika na Zanzibar, yaliitwa Kombe la Gossage, jina la kampuni ya sabuni. Fedha zilikuja na jina, na kwa miaka 40 tukalitamka jina hilo kana kwamba ni la babu yetu. Vyuo vyetu vikuu vina timu za raga, soka, voliboli na mpira wa vikapu, na hadi leo michezo yao haijawa bidhaa ghali ya televisheni. Siku moja huenda ikawa. Siku hiyo vyuo vyetu vitakuwa na njaa. Sisi tulioshuhudia migomo ya wahadhiri ya miaka ya 2024 na 2025, iliyotokana na madai ya mishahara, hatuhitaji kuambiwa jinsi hazina zilivyo nyembamba. Mfadhili akibisha hodi, ataambiwa karibu kabla hajajitambulisha.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni sasa, kabla fedha hazijafika. Nani atakuwa na kauli ya mwisho juu ya ratiba ya michezo, mwalimu au mtangazaji? Mapato ya mchezo mmoja yakipatikana, je, wanaorusha tufe, wanaoogelea na wasichana wa hoki watapata fungu lao, au watakuwa wa kwanza kukatwa? Na kijana akivunjika mguu, chuo kitaendelea kumsomesha? Marais waliokutana Chicago mwaka 1895 waliyajibu maswali ya zama zao kwa nia njema, wakaandika kanuni, kisha wakaacha mlango wa viingilio wazi. Kupitia mlango huo ndimo nyumba ilimotwaliwa.

Kwa wanafunzi wenye miguu mepesi wanaotamani kwenda ng'ambo, sina neno la kuwakatisha tamaa. Waende. Wengi waliowatangulia walirudi na shahada, na shahada haivunjwi kama rekodi. Lakini wasome mkataba mstari kwa mstari, waulize idara watakayosomea kabla ya kuuliza rangi ya jezi, na wakumbuke kwamba jumuiya inayowaalika leo yaweza kuvunjika kabla hawajahitimu, kama ilivyovunjika ile ya chuo cha Rono. Vyuo vilivyoachwa humo vilianza mnamo Septemba 2024 kuwaalika wanachama wapya ili kuijenga upya kuanzia mwaka 2026. Wanafunzi waliokuwa wamekwisha kukatwa hawakungojewa.

Walimu nao wana kazi yao. Mtoto wa darasa la nane au wa kidato cha nne anayesifiwa kwa mbio zake pekee amekwisha kuwekwa sokoni, hata kama hakuna aliyetaja bei. Tumsifu kwa mbio, tumkague pia daftari. Hutchins alikosea katika baadhi ya mambo, na katika mengine alisaidiwa na bahati, lakini swali lake halijachakaa: chuo ni cha nini? Chuo kisichoweza kulijibu swali hilo kwa kinywa chake kitajibiwa na mwenye mkoba.